Namba Moja kwenye Rejesta

Ilikuwa saa mbili na dakika nne za asubuhi, siku ya Jumatatu, mara ya kwanza Paluku alipoitikia jina lake. Nilikuwa nimesimama mbele ya wanafunzi ishirini na wanne, rejesta mkononi. Nilisoma jina la kwanza. Sauti ya mwanaume, ya chini, isiyo na haraka, ikajibu kwa Kifaransa kwamba yupo: "Présent." Nikatia alama. Wino ulikuwa haujakauka nilipokumbuka kwamba Paluku hakuwa mtu. Alikuwa sanamu yetu ya mazoezi, kiwiliwili cha plastiki na mpira kisicho na mikono wala miguu, na wakati huo alikuwa amelala ndani ya sanduku lake kwenye depo, mlango umefungwa, ufunguo mfukoni mwangu.

Mwezi uliopita nilistaafu, na ninyi vijana mnaobaki kufundisha kozi ya dharura hapa Butembo mmeniomba niandike miaka yangu ya kazi. Nadhani mlitaka mbinu. Mbinu zimo. Lakini jambo la Paluku mtalisikia kwa njia moja au nyingine, na ni heri mlisikie kwa mtu aliyeandika saa. Sikuondoka kwa uzee. Nimeondoka kwa magoti. Mtu hawezi kupiga magoti kwenye saruji miaka ishirini na miwili, akikandamiza kifua ambacho hakifi wala hakiponi, halafu magoti yasimdai chochote.

Nilianza kama dereva wa gari la wagonjwa. Sikusomea uuguzi, nilichojua ni barabara. Siku yangu ya kwanza ilikuwa siku ya soko la Musienene, na lori la maharage lililobeba pia abiria juu ya magunia lilipinduka kwenye kona. Nilisimamisha gari nikamkimbilia mtu wa kwanza niliyemsikia akipiga kelele. Muuguzi niliyekuwa naye, Papa Katembo, mwembamba na mpole, alinishika kola kwa nyuma.

"Saa ngapi?" akaniuliza.

"Papa, huyu mutu anakufa."

"Nakuuliza saa ngapi."

Nikatazama saa. "Saa tisa na dakika kumi."

"Andika. Sasa unaweza kugusa."

Niliandika kiganjani kwa kalamu ya bluu. Papa Katembo hakwenda kwa yule aliyelia. Alisema, "Mwenye kulia iko anapumua. Tafuta mwenye kunyamaza." Tukamkuta mwanamke chini ya magunia mawili, uso umegeuka rangi, hasemi kitu. Aliishi. Mwaka uliofuata alituletea viazi debe zima, na Papa Katembo akanipa nusu, jambo ambalo lilinishangaza kuliko ajali yenyewe.

Baadaye nilielewa kwa nini saa hutangulia. Ukifunga mguu unaovuja damu kwa kitambaa na kijiti, daktari atataka kujua umefungwa tangu lini, maana mguu uliobanwa muda mrefu hufa. Hiyo ndiyo sababu ya vitabuni. Sababu ya Papa Katembo ilikuwa nyingine: mtu anayeandika saa hulazimika kutuliza mkono wake kwa muda wa pumzi mbili, na pumzi mbili zinatosha kuona nani amenyamaza.

Kitabu changu cha kwanza nilikinunua kwa mama muuza karanga sokoni, ambaye alikuwa anachana kurasa zake kufungia karanga. Kilikuwa cha Kifaransa. Kurasa kumi na sita za mwanzo zilikuwa zimekwisha kwenda na wateja, ndiyo maana mpaka leo najua mengi kuhusu dharura isipokuwa utangulizi wake. Nilikisoma na kamusi, ukurasa mmoja kwa siku, ndani ya gari, nikisubiri wagonjwa. Nilipokimaliza nilikianza tena. Papa Katembo aliponiombea nafasi ya kufundisha kwenye shule ya ufundi wa afya, mkurugenzi aliuliza nina diplome gani. Papa Katembo akamjibu, "Muulize swali." Aliniuliza maswali saa nzima. Nikaajiriwa.

Miaka mingi tulifundisha bila sanamu. Wanafunzi walikandamiza gunia lililojazwa maganda ya mpunga. Kisha sanduku la mbao likaja, zawadi kutoka ng'ambo, na ndani yake kiwiliwili chenye uso wa mwanaume aliyefumba macho. Kifuani kilikuwa na springi. Ukikandamiza vizuri kinatoa mlio, "tak". Ukikandamiza kwa woga kinanyamaza. Mapafu yalikuwa mfuko mwembamba wa plastiki uliounganishwa na mdomo. Ukipuliza, kifua kinapanda. Mifuko ya kubadilisha ilipokwisha tuliikata kutoka kwenye sachet za sukari. Hakuna kilichonisumbua kwenye sanamu ile ila macho. Mchongaji alikuwa ameyafumba kama ya mtu anayesikiliza.

Mwaka huo wa sauti, kiongozi wa promosheni, kundi la wanafunzi wa mwaka ule, alikuwa Masika, msichana kutoka Vuhovi, mwenye mwandiko mzuri na ulimi mkali. Yeye ndiye aliyempa sanamu jina.

"Chef, huyu alifika mbele yetu sisi bote," alisema. "Ni mwana wa kwanza. Ni Paluku."

"Kwenye inventaire ya vifaa ni sanamu namba moja."

"Njo vile vile, Chef. Kwetu namba moja anaitwaka namna gani?"

Kwa msomaji asiye wa huku nieleze: sisi Wanande humpa mtoto jina kwa zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza anaweza kuitwa Paluku, wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, ambaye ni mimi. Mtoto akifa, hata kama hakupumua hata mara moja, zamu yake haipewi mwingine. Kwa hiyo ukikutana na Kambale asiye na kaka, huulizi. Unajua kwamba kuna mtu mbele yake, na unajua yuko wapi.

Masika ndiye aliyenakili rejesta kwa usafi. Juu kabisa aliandika: 1. Paluku Sanduku. Niliiona kama mzaha usio na madhara, na kwa kuwa mwandiko ulikuwa mzuri sikutaka kuchafua ukurasa kwa kufuta. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Mengine yalilifuata kwa mpangilio.

Asubuhi ile sauti ilipojibu, niliuliza, "Nani amejibu?"

"Paluku mwenyewe, Chef," akasema mmoja, na darasa zima likacheka.

Nilicheka pia. Kesho yake, saa mbili na dakika nne, ilijibu tena. Ilikuwa miaka ambapo Ebola ilikuwa imetupitia na Korona ikaingia kabla hatujapumua; wote walivaa barakoa, na mdomo wa nani unatikisika sikuweza kuona. Basi nikafanya kama ninavyofanya na gari linalotoa mlio usioeleweka: nikaondoa sababu moja moja. Siku ya Jumatano nilisoma majina nikiwa nyuma ya darasa. Sauti ilitoka mbele. Alhamisi nilisoma nikiwa mbele; ilitoka nyuma. Ijumaa niliwatoa wavulana wote nje, nikawaacha wasichana tisa, nikasoma jina. "Présent." Siku hiyo hakuna aliyecheka. Masika alinitazama, akasema polepole, "Chef, mzaha ni yangu, mais sauti hapana yangu." Nikaendelea na namba mbili.

Juma lililofuata niligundua jambo jingine. Tangu Ebola tulikuwa tumepiga marufuku kupuliza mdomoni. Tulifundisha kukandamiza tu. Mdomo wa Paluku ulikuwa haujaguswa kwa miezi. Lakini nilipofungua kifua chake asubuhi ili kupaka springi mafuta, nilikuta mfuko wa mapafu una matone ya maji kwa ndani, kama kioo cha dirisha la chumba kilicholaliwa na watu. Niliupangusa. Siku ya pili ulikuwa na matone tena. Nilimwendea sentinelle wetu, mlinzi wa usiku, Kambale, mwanaume wa miaka thelathini na kitu, mkimya, aliyevaa kabuti la kijani hata jua likiwaka. Yeye alikuwa na ufunguo wa pili.

"Kambale, kuna mutu anaingiaka kwenye depo?"

"Hapana, Chef. Kule hakuna mutu anaingiaka."

Nikaandika: matone, siku ya pili, sababu haijulikani.

Mara mbili kwa mwezi nilikwenda Beni kufundisha waendesha pikipiki, kwa sababu wao ndio hufika kwenye ajali kabla yetu sote. Sanduku halikuingia kwenye buti la taksi, basi Paluku nilimvika mfuko wake wa turubai mpaka shingoni nikamkalisha kiti cha nyuma na mkanda. Kwenye barrière, kizuizi cha afya barabarani, tulishuka tukanawa mikono, na kijana mwenye kipimajoto akatupima kwenye paji la uso. Dereva alisomwa thelathini na tano. Mimi thelathini na tano na nusu. Tulikuwa tumelowa, mvua ilikuwa inatunyeshea tangu Butembo na dirisha langu lilikuwa bovu. Kijana akainama kwenye dirisha la nyuma.

"Na huyu papa anagonjwa?"

"Huyo ni sanamu ya mazoezi."

"Papa, miye niliambiwa kila kichwa." Akampima. Akatazama kipimajoto, kisha akamwonyesha mwenzake, kisha mimi: thelathini na sita nukta nane. "Trente-six virgule huit. Muzuri. Mupite."

Dereva aliwasha gari. Kisha akasema, "Papa, huyu wako njo muzima kupita sisi babili."

"Ni jua kwenye kioo," nilimwambia.

"Jua gani?"

Alinitoza nauli ya abiria wawili. Sikubishana.

Mwisho wa kozi ni mtihani wa jury, baraza la watahini la jimbo. Shule hulipa ada kwa pamoja, dola kumi na tano kwa kila kichwa, na hutuma majina kutoka kwenye rejesta. Asubuhi ya mtihani ndipo nilipoona orodha iliyobandikwa mlangoni ina majina ishirini na tano. Mtunza fedha alikuwa amenakili rejesta ya Masika neno kwa neno. Nilimkimbilia. Akaniambia pesa iliyokwenda jimboni haina mlango wa kurudi, niandike maelezo. Nikaandika kwa mkono wangu kwenye kitabu cha hesabu: "Hasara: ada ya mtahiniwa asiyekuwepo."

Mkufunzi haruhusiwi kuingia chumba cha mtihani. Nilikaa nje kwenye benchi, nikisikia milio ya kifua cha Paluku kupitia mlango. Mwanafunzi mmoja mmoja aliingia na kutoka. Niliwahesabu wanafunzi wangu wote ishirini na wanne, nikawapeleka nyuma ya jengo kunywa chai. Tulipokuwa kule, milio ilianza tena chumbani. Thelathini, kimya kidogo, thelathini. Masika alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka chini bila kunywa.

Jioni mkuu wa jury, mzee mwenye miwani na subira, alinikabidhi bahasha ya matokeo na kunipongeza.

"Namba moja wenu ni fundi," alisema. "Alikuja wa mwisho. Hasemi sana, mais mikono yake inajua. Na karatasi yake ya maandishi ni safi. Umemfundisha vizuri."

"Alikuwa namna gani, Président?"

"Namna gani? Na barakoa, kama bote."

Karatasi zilikuwa ishirini na tano. Namba moja alipata sabini na moja kwa mia.

Brevet, vyeti vya kozi, zilifika baada ya miezi miwili, ishirini na tano, zote na sahihi ya jury na yangu. Ningeweza kuirudisha ile moja. Lakini jury ikijua kwamba orodha yetu ilikuwa na mtahiniwa wa plastiki, ingeweza kufuta promosheni nzima, na wanafunzi wangu walikuwa tayari wameanza kuomba kazi kwa karatasi zile. Nilifanya jambo ambalo wakati ule lilionekana la utaratibu: kila brevet kwa mwenyewe. Niliikunja, nikaiweka ndani ya sanduku, chini ya shingo ya Paluku, nikafunga. Nikalifuta jina lake kwenye rejesta kwa rula. Baada ya siku kumi nilifungua sanduku. Sanamu ilikuwepo. Karatasi haikuwepo. Mapafu yalikuwa makavu.

Juma hilo hilo sentinelle wetu aliacha kazi. Msomaji ameshaona. Mimi sikuona, kwa sababu sentinelle ni mtu tunayempita kila asubuhi tukiwaza habari za watu wengine.

Miaka miwili ilipita kimya. Kisha Masika, ambaye sasa alikuwa akifanya kazi kwenye kituo cha afya hapa Butembo, alinipigia simu saa tano kasoro dakika tano za asubuhi.

"Chef, Paluku ameniandikia barua."

Nilikwenda. Kulikuwa na mchimbaji dhahabu aliyeletwa kwa pikipiki kutoka Manguredjipa, mguu umepondwa na jiwe, umefungwa kwa kitenge na kijiti, kazi safi. Kwenye shati lake palibandikwa karatasi ya daftari: "Saa moja na dakika ishirini. Mguu wa kuume. Kamba imefungwa saa moja na dakika ishirini na mbili. Paluku Sanduku, brevet no. 1." Saa ilitangulia. Mwandiko sikuujua.

"Mguu?" nikauliza.

"Docteur anasema atabaki nao." Masika alikunja mikono. "Kama ni mutu wa mizaha, anajua kazi. Na kama hapana mutu..."

"Malizia."

"Hapana, Chef. Sipendi kumalizia." Akapunguza sauti. "Bakijua kule jimboni, batafuta brevet zetu bote. Miye nalisha mama na badogo wangu na hii karatasi. Mais pia, Chef, huyu akiua mutu kesho, ni sahihi ya nani iko pale chini?"

Ilikuwa yangu. Kufunga mguu vizuri si ushahidi wa kujua. Nimeona watu wakifunga vizuri na kumlaza aliyezimia chali akakabwa na ulimi wake. Ama nilikuwa na mwanafunzi nisiyemfahamu, ama nilikuwa nimempa mtu asiyejulikana leseni ya kugusa wanaokufa. Nilisubiri barabara iwe salama, kisha nikamfunga Paluku nyuma ya pikipiki, nikakaa mbele yake, tukaenda Manguredjipa. Motard, mwenye pikipiki, alisema amewahi kubeba mbuzi, jeneza na harusi, lakini hajawahi kubeba abiria asiye na miguu ya kushukia njiani kupumzika. Nilimwambia atazame barabara.

Kwenye machimbo niliuliza Paluku yuko wapi. Walinielekeza kibanda cha mbao karibu na mashimo. Mbele yake alikaa mwanaume mwenye kabuti la kijani, akikata vitambaa. Alipotuona alisimama, akanitazama mimi kidogo na mzigo wangu sana.

"Karibu, Chef. Mumefika babili."

"Kambale," nikasema.

"Ndiyo, Chef."

"Nilikuuliza kama kuna mutu anaingiaka depo. Ukanidanganya."

"Hapana kukudanganya. Uliuliza anayeingia. Miye nilikuwaka ndani tayari."

Niliketi, kwa sababu ya magoti. Nikamwambia anieleze kwa mpangilio. Alieleza hivi: zamu yake ilikwisha saa moja asubuhi. Alikwenda nyumbani kula, akarudi saa tatu, akakaa nyuma ya ukuta wa mabati karibu na jikoni kusikiliza mpaka saa sita. Usiku alifungua depo akarudia yote juu ya sanamu, pamoja na kupuliza, maana hakujua kwamba tumekataza. Hilo tulilisema siku moja tu, na siku hiyo alikuwa amesinzia. Siku ya mtihani aliona jina kwenye orodha lisilo na mtu. Akavaa barakoa.

Sikutaka maneno zaidi kabla ya kazi. Nilimlaza Paluku kwenye udongo nikatazama saa. "Mtu huyu umemkuta hivi. Fanya." Alitazama saa yake, akaandika, akamwita sanamu kwa jina, akasikiliza pua, akaanza. Wachimbaji walikusanyika. Niliuhesabu kila mlio: thelathini, bila mmoja kupotea. Kisha nilimuuliza maswali ya kitabu kizima, hadi jua likageukia upande wa pili. Alikosa mawili. Moja lilikuwa la aliyezimia, amlaze ubavu gani na kwa nini. Nilimwonyesha mara tatu, kisha nikamfanya anionyeshe mimi.

"Kwa nini hukuniomba?" nikamuuliza mwishoni. "Ningekutafutia nafasi."

Alifikiri. "Kwetu Paluku hakupumua," alisema. "Mama alimuzaa Vuhovi, njiani, hakuna mutu wa kujua kufanya kitu. Bakamuweka kwenye karton ya sabuni. Miye nikafuata, bakaniita Kambale. Kila siku mutu akiniita, ninasikia kama kuna mutu mbele yangu hakuitwa bado. Donc asubuhi moja napita kwenye mlango, naona rejesta kwenye meza: Paluku, Sanduku. Nikasema, basi, huyu ameandikishwa. Nitamusaidia kusoma."

Kisha nikasema, "Ndiyo maana ulikuwa unamjibia asubuhi."

"Kumujibia namna gani?"

"Wakati wa appel. Saa mbili na dakika nne. Ulikuwa unaitika présent."

Aliacha kukunja vitambaa. "Chef, saa mbili miye niko nyumbani, nakula. Nimekuambia narudi saa tatu." Akatazama sanamu, kisha mimi. "Alikuwa anaitikaka?"

Nilifunga mfuko.

Nilikuwa na njia ya kunyamaza na njia ya kusema, na nilichagua ya kusema, ingawa nilikwenda nayo jimboni nikiwaza mama yake Masika. Nilimweleza mkuu wa jury kila kitu isipokuwa sauti. Alivua miwani akaipangusa muda mrefu. "Waliokaa mbele yangu walikuwa watu ishirini na tano," alisema hatimaye, "na wote walijua kazi. Sioni cha kufuta ila jina." Brevet za ishirini na wanne zilibaki. Namba moja ilibatilishwa. Kambale aliambiwa asiguse mgonjwa mpaka afanye kozi tena kwa jina lake, kuanzia siku ya kwanza, na alitii. Aliketi kwenye benchi la mbele miezi mitatu, na kabuti lake. Alifaulu. Leo yuko Manguredjipa na karatasi iliyoandikwa Kambale, na wachimbaji bado wanamwita Paluku.

Kozi hiyo ilikuwa yangu ya mwisho. Asubuhi ya siku ya kufunga, barakoa zilikuwa zimekwisha kusahauliwa, madirisha wazi, jua zuri. Nilifungua rejesta. Kambale akanyoosha mkono.

"Chef, uite jina yake. Mara moja tu."

"Limefutwa."

"Najua. Uite."

Nilitazama saa. Ilikuwa saa mbili na dakika nne. Nilitazama pia midomo, benchi kwa benchi, wanafunzi kumi na tisa, yote imefungwa. Nikasema, "Paluku."

Sitaandika kilichosikika. Waliokuwepo wanajua, na asiyekuwepo hataniamini. Nitaandika tu kwamba Kambale alivua kofia, akaiweka magotini, nami nikaendelea na majina yaliyoandikwa.

Mchana nilikabidhi ofisi. Mtunza fedha alifungua kitabu cha hesabu cha mwaka ule akanionyesha mstari wangu. Alisema hasara ile ifutwe sasa, maana mtahiniwa amejulikana kuwa ni Kambale. Nikamwambia Kambale amelipa ada yake mwenyewe mwaka huu, risiti ipo. Ile ya zamani ilikuwa ya mwingine. Nilichukua rula, nikakata maneno "hasara" na "asiyekuwepo", nikaandika juu yake, kwa mwandiko mzuri kadiri niwezavyo: "Paluku Sanduku, alikuwepo. Ada ya mtihani, imelipwa: dola kumi na tano."